Kafara Isiyodaiwa Mara Mbili: Faraja ya Upatanisho katika Nyanza ya Kusini

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya maadili imeyarithi kutoka kwa teolojia, na ambayo mhakiki wa fasihi hukutana nayo hata bila ya kuyatafuta, ni lile la iwapo ni haki mtu kufarijika kwa sababu mwingine ameteseka badala yake. Katekisimu ya Heidelberg, iliyochapishwa mwaka 1563, inaanza kwa kumuuliza mwanafunzi faraja yake ya pekee ni ipi katika uhai na katika kufa. Jibu linalotarajiwa ni kuwa yeye si mali yake mwenyewe bali ni wa Kristo, aliyemlipia madeni yote kwa damu. Miaka 230 baadaye Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1793 kuhusu dini na mipaka ya akili, aliandika kana kwamba anaisahihisha karatasi ya mwanafunzi huyo. Hatia ya kimaadili, kwa mujibu wa Kant, si kama deni la fedha ambalo mdai hajali limelipwa na nani, maadamu limelipwa. Hatia ni ya mtu binafsi kuliko kitu kingine chochote alicho nacho, na kwa sababu hiyo haihamishiki. Anayejifariji kwa kuamini kuwa imehamishwa anajifariji kwa hesabu ambayo haikupata kufanywa.

Pingamizi hili ni zito, na majibu mengi ambayo limepewa hayatoshi. Hata hivyo, lina sura ya mahali lilikotoka. Linamchukulia mwenye hatia kuwa mtu mmoja aliyesimama peke yake mbele ya sheria, akijua vyema alichokosa, na akitafuta njia ya kukwepa kulipa. Katika eneo ambalo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay, na ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kama Wilaya ya South Nyanza, mafundisho ya upatanisho yaliwakuta watu waliokuwa na tatizo la namna nyingine kabisa. Hapo swali halikuwa jinsi ya kukwepa deni la mtu mwenyewe. Lilikuwa ni jinsi ya kukoma kudaiwa madeni ambayo hayakuwa na mwisho, ambayo mara nyingi yalifanywa na wengine, na ambayo aliyedaiwa zaidi ya wote alikuwa ni yule mwenye uwezo mdogo zaidi wa kukataa. Makala haya yanadai kuwa faraja ya upatanisho katika mazingira hayo ina uhalali ambao pingamizi la Kant haliugusi, na kuwa uhalali huohuo una mpaka ambao wahubiri wengi wameuvuka.

Inafaa kuanza na maneno, kwani lugha ya Kiswahili, ambayo imetumika katika ibada na shule za eneo hilo pamoja na Kidholuo, haina neno moja la jambo hili. Ina manne. Kafara limetoka katika Kiarabu na lina shina moja na neno la Kiebrania linalosikika katika Yom Kippur, ile siku inayoelezwa katika Mambo ya Walawi sura ya 16, ambapo mbuzi mmoja huchinjwa na mwingine hufukuzwa jangwani akiwa amebebeshwa maovu ya taifa. Katika sheria ya Kiislamu, hata hivyo, kafara ni malipo ya mkosaji mwenyewe. Aliyevunja kiapo huwalisha au huwavisha maskini kumi, au humwacha huru mtumwa, na asipoweza hufunga siku tatu. Kwa upande mwingine, katika desturi za baadhi ya miji ya pwani mnyama huzungushwa mjini kisha akachinjwa ili balaa iondoke, na katika Kiswahili cha leo mtu hutolewa kafara wakubwa wanapotaka kujiokoa. Neno moja, basi, lina maana mbili zinazopingana. Kwa mwanasheria wa Kiislamu kafara ni mtu kulipa kosa lake, na kwa msomaji wa magazeti ni mtu kulipishwa kosa la mwenzake. Mwanafunzi wa semantiki angeweza kuandika tasnifu nzima hapa bila ya kutoka nje ya neno hilo.

Fidia nalo ni la malipo, na ukombozi ni la kutoa kilichofungwa, iwe ni rehani au mtu. Katika pwani ya karne ya 19 maneno haya hayakuwa sitiari. Pale Rabai na Freretown wamishonari waliwahubiria ukombozi watu ambao miongoni mwao walikuwapo waliowahi kuuzwa na kununuliwa kwa mikono ya binadamu. Neno la nne, upatanisho, ndilo lililoteuliwa na Biblia ya Union ya mwaka 1952 katika Warumi 3:25, na katika Waraka wa Kwanza wa Yohana Kristo anaitwa kipatanisho. Hili ni la Kibantu, na mnyumbuliko wake unaonekana waziwazi: pata, patana, patanisha. Watu waliopatana wamepatikana kila mmoja kwa mwenzake. Kiambishi ki- cha kipatanisho ni kile cha kifaa, jambo ambalo linaweza kumkwaza msomaji asiyezoea kusikia mtu akitajwa kwa ngeli ya vitu, ingawa Kiswahili kina viongozi na viumbe wa kutosha katika ngeli hiyo. Sokoni watu hupatana bei, na wagomvi barazani hupatanishwa na mzee. Katika matumizi yote hayo hakuna mtu anayepatana peke yake. Tofauti hii kati ya neno la malipo na neno la uhusiano itahitajika baadaye, kwa sababu faraja ambayo watu wa Nyanza ya Kusini waliitafuta ilitegemea yote mawili.

Kabla ya misheni, fikra za Waluo kuhusu kosa zilizunguka dhana tatu. Kwer ni mwiko. Chira ni adhabu inayofuata mwiko unapovunjwa, na dalili yake mashuhuri ni kukonda na kudhoofika hadi kufa, ama kwa mkosaji mwenyewe au, mara nyingi, kwa watoto wake. Manyasi ni dawa ya mitishamba inayonywewa ili kuondoa chira na kuurejesha mji katika hali yake. A.B.C. Ocholla-Ayayo, katika kitabu chake cha 1976 juu ya itikadi na maadili ya Waluo wa Kusini, ameonyesha jinsi mfumo huu ulivyolinda utaratibu wa ukubwa na udogo: nani atangulie kupanda, nani kuvuna, nani kujenga, nani kuoa. Jambo la kuzingatia ni kuwa nia haikuwa na uzito mkubwa. Mtu aliweza kuvunja kwer bila ya kujua, na chira isingemuuliza kama alijua. Hatia ya namna hii haifanani hata kidogo na ile ya Kant. Ni kama maji yanayopenya ukutani, ambayo hayachagui chumba cha mwenye kosa.

Hadithi ya Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta lililo karibu na Kendu Bay katika Homa Bay, inaihifadhi fikra hiyo kwa ukali wa masimulizi ya kale. Bibi kizee mgeni alifika kijijini wakati wa karamu akafukuzwa, akapokewa na mwanamke mmoja tu, na usiku huo kijiji kizima kikazama. Aliyemkarimu aliambiwa aondoke mapema. Waliobaki, pamoja na watoto ambao hawakumfukuza mtu yeyote, wamo majini. Hakuna anayejitolea badala yao na hakuna anayewaombea. Ni hadithi isiyo na mpatanishi, na pengine ndiyo maana wahubiri wa eneo hilo wanaweza kuitumia kwa urahisi mkubwa.

Misheni ya Kiadventista Wasabato ilifika kando ya ziwa hilohilo mwaka 1906, pale Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, aliyetoka Nyasaland, walipoanzisha kituo cha Gendia. Kutoka hapo mafundisho yalienea hadi Kamagambo na Ranen, katika Migori ya leo. Waadventista walikuja na mafundisho ya upatanisho yaliyo tofauti na ya madhehebu mengine ya Kiprotestanti. Kwao kafara ilitolewa msalabani mara moja, lakini tangu mwaka 1844 Kristo ameingia katika awamu ya mwisho ya huduma yake katika hekalu la mbinguni, ambamo vitabu vya matendo ya waumini vinachunguzwa. Kwa muumini mmoja hiyo ni faraja, kwani ana wakili ndani ya mahakama. Kwa mwingine ni hofu mpya, kwani vitabu bado viko wazi. Wasiwasi huo haukuwa wa Nyanza pekee. Mwaka 1980 mwanateolojia wa Australia, Desmond Ford, alinyang'anywa idhini ya uchungaji baada ya mkutano wa Glacier View huko Marekani, kwa kudai kuwa mafundisho hayo hayana msingi wa kutosha katika Maandiko na yanamnyima muumini uhakika wake.

Tunda la kushangaza zaidi la Gendia, kwa mtazamo wa mwanafasihi, ni Paul Mboya. Alikuwa mchungaji wa Kiadventista na baadaye chifu wa Karachuonyo, na mwaka 1938 alitoa kitabu cha mila na desturi za Waluo kwa Kidholuo, Luo Kitgi gi Timbegi. Mtu aliyefundishwa kuwa damu ya Kristo imeondoa kila dhambi aliandika kwa uangalifu, kwer moja baada ya nyingine, orodha ya mambo yanayoweza kuleta chira. Si lazima kuona unafiki hapo. Yamkini Mboya alihisi kuwa mambo hayo yatasahauliwa na akataka yahifadhiwe, kama walivyofanya wakusanyaji wengi wa kizazi chake. Lakini vitabu havisomwi kwa nia ya waandishi wake. Kitabu hicho kilikuja kutumiwa na watu waliotaka kujua sheria sahihi ni ipi, na kwa hiyo ni kosa gani walilolitenda. Maandishi yaliipa chira uthabiti ambao simulizi haikuwa nao. Mzee aliyesimulia desturi aliweza kulegeza kamba akimwonea mtu huruma, na ukurasa hauna nafasi ya kufanya hivyo.

Katika miaka ya 1950 suala la damu lilivunja kanisa la Kianglikana katika Nyanza. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kufahamika kwa wimbo wake wa Kiganda Tukutendereza, ulihimiza ungamo la hadharani na utakaso kwa damu ya Yesu. Waluo waliofuata mkazo huo waliitwa Joremo, yaani watu wa damu. Wapinzani wao ndani ya uamsho huohuo, wakiongozwa na Kasisi Matthew Ajuoga, walidai kuwa watu wa damu wamekuwa wepesi wa kuhukumu na wamepungukiwa na upendo, wakajiita Johera, watu wa upendo. Mwaka 1957 walijitenga na kuunda Kanisa la Kristo katika Afrika, ambalo F.B. Welbourn na B.A. Ogot walilichunguza katika kitabu chao cha 1966. Majina haya mawili ni ufupisho mzuri wa mjadala mrefu wa Ulaya kati ya wafuasi wa Anselm, walioona katika msalaba malipo ya haki, na wale wa Abelard, walioona humo upendo unaoamsha upendo. Tofauti ni kuwa Waluo hawakuuendesha katika vyuo. Waliuendesha katika mikutano ambamo jirani alimjua jirani, na ambamo neno upendo lilipimwa kwa jinsi mtu alivyosalimiwa njiani.

Legio Maria, vuguvugu lililozaliwa ndani ya Ukatoliki wa Waluo mnamo 1963 chini ya Simeo Melkio Ondetto na Gaudencia Aoko, lilikwenda mbali zaidi. Wafuasi wake wengi wanamwona Ondetto kuwa ni Kristo aliyejidhihirisha kwa Waafrika. Alipofariki mwaka 1991 alizikwa Got Kwer, katika Migori, na mlima huo umekuwa mahali pa hija. Jina lenyewe linabeba neno la mwiko. Msafiri anayepanda kule kuomba aondolewe mikosi anapanda, kwa hakika ya lugha, mlima wa kile kilichokatazwa, na hapo anatafuta kuondolewa hofu ya makatazo.

Mambo haya yote yangebaki kuwa ya mwanahistoria wa dini kama si ukimwi. Kisa cha kwanza nchini Kenya kilitambuliwa mwaka 1984, na kabla karne haijaisha Nyanza ya Kusini ilikuwa ikizika vijana wake kwa kasi isiyoelezeka. Hata katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 karibu mtu mzima mmoja katika kila watano wa Homa Bay alikuwa na virusi, na katika Migori zaidi ya mmoja katika kila kumi, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa karibu 5 kwa mia. Hospitali ya Homa Bay, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, ilianza kutoa dawa za kupunguza makali mwaka 2001. Kwa miaka mingi kabla ya hapo watu walikonda na kufa bila ya dawa, na kukonda, kama ilivyoelezwa, ndiko kulikokuwa dalili ya chira. Ugonjwa ulivaa vazi lililokuwa limeshonwa tayari.

Aliyeulizwa ni nani aliyevunja mwiko alikuwa, mara nyingi mno, mjane. Kwa Kidholuo anaitwa chi liel, mke wa kaburi. Desturi ilimtaka akae kwa vizuizi hadi atakaswe, na utakaso ulikuwa ni kulala na mwanamume, ama ndugu wa marehemu katika utaratibu wa tero, au mtu wa nje aliyelipwa pale ndugu walipoogopa. Asipotakaswa, hakuruhusiwa kuingia katika miji ya wengine. Kupanda na kuvuna kwa ukoo kulisubiri, na chira ilitishiwa juu ya watoto wake na juu ya mji mzima. Desturi hiyo ilikuwa na busara yake zamani, kwani ilimhakikishia mjane ulinzi na watoto wake ardhi. Katika miaka ya ukimwi iligeuka kuwa njia ya kifo, ama kwa mjane, au kwa mrithi, au kwa mke wa mrithi aliyebaki nyumbani bila ya kuulizwa lolote.

Baadhi ya wajane waliookoka walikataa. Wengine walisema kuwa Yesu ndiye mume wao, kauli ambayo wasomi wamezoea kuisoma kama ishara ya uchaji tu. Ndani yake, hata hivyo, mna hoja, na hoja hiyo ni ya upatanisho. Waraka kwa Waebrania unasisitiza kuwa kafara ya Kristo ilitolewa mara moja, na kuwa baada yake hakuna nyingine inayohitajika. Ikiwa hivyo ndivyo, basi utakaso unaodaiwa kutoka kwenye mwili wa mjane ni kafara ya pili, na anayeudai anatangaza kuwa ya kwanza haikutosha. Mwanamke asiye na shamba lililoandikwa kwa jina lake, asiye na kauli katika kikao cha ukoo, na ambaye watoto wake wametishiwa, alipewa na mafundisho haya sentensi moja ambayo wazee hawakuweza kuijibu bila ya kuukana Ukristo wao wenyewe. Faraja yake haikuwa ya kujisahaulisha. Ilimwezesha kulala usiku bila ya kuhesabu mwiko upi ataadhibiwa kwao kesho, na asubuhi ilimwezesha kusema hapana.

Katika fasihi ya Afrika Mashariki hakuna kazi inayoliandaa jambo hili vizuri zaidi ya hadithi fupi ya Grace Ogot, "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyo wake wa 1968, Land Without Thunder. Ukame umeingia. Mganga wa mvua anamwambia chifu Labong'o kuwa binti yake wa pekee, Oganda, ametakiwa na dubwana la ziwani, na kuwa akishatolewa mvua itanyesha. Wahakiki wengi huisoma hadithi hii kama mvutano kati ya wajibu wa baba na wajibu wa chifu, nao ni usomaji wa haki. Lakini kwa swali la makala haya kiini kiko mahali pengine, katika furaha ya kijiji. Watu wanamshangilia Oganda kwa heshima aliyopata. Njiani mtoto anampa hereni ampelekee ndugu yake aliyekufa, kana kwamba msichana huyu tayari ni mjumbe na si mtu. Umma mzima unafarijika kwa gharama ya mmoja ambaye hakuulizwa. Hiyo ndiyo faraja ambayo Kant angepaswa kuikemea kwa nguvu zaidi, nayo haina uhusiano wowote na mkosaji anayekwepa deni. Ni ya watu wa kawaida, wenye kiu, wasio wabaya.

Kisha Osinda, mpenzi wake, anamdaka kando ya ziwa, anamfunika kwa vazi la majani ili asionekane na macho ya wahenga wala ya dubwana, nao wanatoroka. Mvua inanyesha. Ogot haelezi kwa nini. Mtu anaweza kusema kuwa utayari wa Oganda kutembea hadi ziwani ulitosha, kama ulivyotosha wa Ibrahimu kabla ya kondoo kuonekana kichakani. Mwingine atasema kuwa mvua haikuwa na haja ya msichana tangu mwanzo. Ukimya huo wa mwandishi ni bora kuliko fasiri zote mbili, kwani unamwacha msomaji na kijiji ambacho kitapata mvua na kuamini kuwa kafara imefanya kazi, na mwaka mwingine wa ukame kitatafuta binti mwingine. René Girard, aliyeandika juu ya vurugu na utakatifu mwaka 1972, alidai katika kazi zake za baadaye kuwa Injili zinaufichua utaratibu huu kwa kuwa zinasimulia kutoka upande wa mhanga. Dai lake ni pana mno kuthibitika. Kwa Nyanza ya Kusini, hata hivyo, kuna sehemu yake inayosimama: mjane katika hoja iliyoelezwa hapo juu ni Oganda aliyepata lugha ya kusema kuwa foleni ya mabinti imefungwa, kwa sababu mmoja aliingia kwa hiari yake.

Hiari ndiyo inayobeba uzito wote hapa. Tofauti ya kimaadili kati ya msalaba, kama Wakristo wanavyousimulia, na safari ya Oganda haimo katika damu. Imo katika kuwa Kristo wa Injili ya Yohana anatangaza kuwa hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Faraja inayotokana na mateso ya asiyetaka kuteseka ni mali ya wizi, hata kama wanaoifaidi ni wengi na wana shida ya kweli. Kwa hiyo mhubiri anayemwambia mjane avumilie utakaso kwa ajili ya amani ya ukoo, kama Kristo alivyovumilia, ameugeuza upatanisho kichwa chini. Anamtumia Kristo kumrudisha Oganda ziwani.

Pingamizi la Kant sasa linaweza kupewa nafasi yake. Yapo madeni ya namna mbili, na lugha ya Kikristo ya Kiswahili, kwa wingi wa maneno yake, imeyachanganya. Lipo deni ambalo mtu anadaiwa na utaratibu: na kwer, na wahenga, na hofu ya jamii. Deni hilo halina mdai anayeweza kushika malipo mkononi na kusema yametosha, na ndiyo maana halina mwisho. Kusema kuwa limelipwa na mwingine hakumdhulumu mtu yeyote. Na lipo deni ambalo mtu anadaiwa na jirani aliyemkosea, mwenye jina na sura. Hilo Kant ana haki nalo: halihamishiki. Mwanamume aliyemnyang'anya mjane wa ndugu yake shamba, kisha akaokoka, akasimama kanisani Rongo au Ndhiwa na kutangaza kuwa damu imemfuta yote, ameazima faraja ya mjane yuleyule na kuitumia kumnyamazisha. Kafara ndiyo, upatanisho bado, kwa kuwa wa kupatana naye ameketi mabenchi matatu nyuma na hajaulizwa. Injili zenyewe hazimruhusu. Zakayo hakuambiwa alipe, lakini aliahidi kurudisha mara nne, na katika Mathayo mwenye sadaka anaagizwa aiache madhabahuni aende kwanza kwa ndugu yake.

Ni jambo la kukumbukwa, na linawastahili Joremo haki ambayo wapinzani wao hawakuwapa, kuwa watu wa uamsho walijulikana Afrika Mashariki kote kwa kurudisha vitu vya wizi na kulipa madeni ya zamani baada ya kuungama. Wale walioshutumiwa kwa kuipenda damu kuliko watu walielewa kuwa damu haimlipi jirani ng'ombe wake. Euphrase Kezilahabi, aliyetoka Ukerewe upande wa pili wa ziwa hilohilo, na aliyesomea seminari ya Kikatoliki, analiona jambo hili kwa jicho kali zaidi katika Rosa Mistika ya 1971. Binti na baba wanakutana mbele ya Mungu baada ya kufa, na binti anamshtaki baba. Riwaya hairuhusu mbingu iwe mahali ambapo malalamiko ya mtoto yanafunikwa na huruma ya jumla. Jina la kitabu limechukuliwa kutoka litania ya Bikira Maria, na kuna kejeli ndani yake, lakini pia kuna dai la kiteolojia ambalo wahakiki wa Kimarx wa miaka iliyofuata hawakulijali: kuwa mwenye kudhulumiwa ana haki ya kusikilizwa hata pale ambapo kila kitu kimeshasamehewa.

Faraja, vilevile, haina mamlaka ya kisheria. Katika kesi ya mazishi ya S.M. Otieno, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1987, mjane Wambui Otieno alijaribu kuonyesha kuwa mumewe, Mkristo na mtu wa mjini, hakufungwa na mila za ukoo wake. Alishindwa, na mwili ukazikwa Nyalgunga kwa utaratibu wa ukoo. Mahakama ilisikiliza ushahidi juu ya mizimu na miiko kwa makini kuliko ilivyosikiliza hoja ya imani. Mjane wa Homa Bay ambaye alikataa kutakaswa katika miaka iliyofuata hakuwa na sababu ya kutarajia kuwa hoja yake, hata ikiwa sahihi mbele ya Waebrania, ingemsaidia mbele ya chifu.

Na upo ugumu wa mwisho, ambao ni wa miti na nyasi. Kwa desturi mjane asiye na mrithi hajengewi nyumba mpya, na paa la ile ya zamani likioza hakuna mwanamume wa ukoo atakayethubutu kulipanda. Aliyekombolewa kutoka chira anaweza kunyeshewa ndani ya ukombozi wake. Mahali ambapo waumini wenzake walikuja na ngazi, na wanaume wasio wa ukoo wakapanda juu huku wazee wakitazama kutoka mbali wakisubiri kuona ni mtoto yupi atakayeugua, neno upatanisho lilipata watu wawili wa kupatana. Pale ambapo hawakuja, alibaki na kafara peke yake, na maji yakidondoka ndani ya sufuria.